Maji ya Mutheu

NDUNGE: Haloo? Nani huyo? Hii namba siijui.

RODGERS: Ni mimi, mwaitu. Mama, ni Rodgers. Habari ya huko nyumbani Kola?

NDUNGE: Mwanangu? Namba mpya ya nini?

RODGERS: Ni laini ya kazi tu, na iko na kredo kidogo ya kupiga. Mutheu ako aje?

NDUNGE: Mjukuu wangu ako sawa, ndio huyu mkononi. Mtu akianza kubadilisha Mungu, anabadilisha mpaka namba.

RODGERS: Mama, usianze—

NDUNGE: Uko na nani hapo? Linet anasikiza?

RODGERS: Mke wangu ako kazini. Nakuja kumchukua mtoto wetu Jumamosi.

NDUNGE: Jumamosi! Na ubatizo ni Jumapili? Katekista Kimanzi ameshaandika jina!

RODGERS: Ndio maana. Kwa ushirika wetu hapa Syokimau tumesoma, tukaona Yesu ni mwana wa Mungu, si Mungu. Mwenyewe alisema Baba ni mkuu kuliko yeye.

NDUNGE: Na Tomaso akamwita "Bwana wangu na Mungu wangu." Alimkataza?

RODGERS: Hata neno Utatu haliko kwa Biblia!

NDUNGE: Hata neno Biblia haliko kwa Biblia. Hiyo "tumesoma", ulisoma ama ulisomewa na Linet?

RODGERS: Mama, unakatakata... [mkwaruzo] ...sikusikii—

NDUNGE: Ukibanwa ndio mtandao unapotea. Juzi kwa kaburi la baba yako hukufanya ishara ya msalaba. Niliona. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

RODGERS: Tatu haiwezi kuwa moja, mwaitu. Nieleze basi.

NDUNGE: Siwezi. Mungu ambaye ningeweza kumweleza kama bei ya ndengu sokoni, singempigia magoti. Ngoja niweke simu kwa meza.

RODGERS: Kwa nini? [maji, mtoto analia] Mama, hayo ni maji?

NDUNGE: Tulifundishwa, kukiwa na hatari, Mkristo yeyote anaweza kubatiza.

RODGERS: Hatari gani? Si umesema ako sawa!

NDUNGE: Hatari ni wewe. Mutheu, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana—

RODGERS: Mama! Simama!

NDUNGE: Nimesimama. Sema sasa huyo Mwana si Mungu, nimpanguse maji nimfunge leso. Lakini useme wewe, si Linet.

RODGERS: Huyo Mwana si... [mtoto analia]

NDUNGE: Rodgers?

RODGERS: Umemshika shingo vizuri?

NDUNGE: Nimeshika.

RODGERS: Basi maliza, mwaitu. Usimwache na baridi. Lakini tafadhali, Linet asiju—

[Simu inakatika.]

NDUNGE: Haloo? Rodgers? [maji] Na la Roho Mtakatifu.