Maji ya Jumatatu: Wasifu wa Marehemu Mama Chupa

Ndugu, jamaa na majirani, dada yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, nyumba ya tatu kutoka darajani, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mshonaji. Mama alisimulia kwamba tangu mdogo hakunywa maji kabla ya kuinua kikombe kwenye mwanga na kukichungulia. Sisi wadogo zake tulimcheka, tukanywa tu.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya mto, 1965 hadi 1971, kisha sekondari, na mwaka 1980 akahitimu stashahada ya ufundi wa maabara. Mwaka huohuo aliajiriwa idara ya maji, akadumu hapo hadi alipostaafu 2018. Kazi yake ilikuwa kuchota kwa chupa maji ya mto chini ya kiwanda cha ngozi, kuyapima na kuandika matokeo kwenye daftari zake. Ndipo mkampa hilo jina, Mama Chupa.

Shemeji yetu, fundi bomba, alipomkaribisha kwao mara ya kwanza alimpa glasi ya maji. Dada akainusa.

“Yametoka wapi haya?”

“Bombani.”

“Na bomba limeanzia wapi?”

Fundi bomba mzima, hakujua! Wiki iliyofuata alirudi suruali imechanika magotini, amelifuata bomba mpaka kwenye tangi kilimani. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983, wakajaliwa mabinti wawili.

Kazini, kila Jumatatu saa tatu asubuhi, miaka tisa mfululizo, maji ya mto yalipimwa yakaonekana safi. Dada hakuamini. Chini ya mawe hakukuwa na mdudu hata mmoja, na wadudu wale wadogo hukimbia au hufa panapoingia sumu.

Bosi wake akachoka. “Mama, vipimo viko sawa. Wadudu hawana cheti.”

“Mdudu yuko mtoni wiki nzima, bosi. Mimi niko dakika kumi.”

Alhamisi moja ya mwaka 2009 alitoka nyumbani na kikapu bila kumwambia mtu. Mpaka leo shemeji anasema, “Mimi nilijua kafuata vitunguu.” Alirudi na chupa yenye maji meusi, povu juu, harufu ya kukimbiza paka. Kumbe kiwanda kilikuwa kikifunga bomba lake la majitaka kila Jumatatu. Nani aliwaambia siku? Alimshuku dereva, akamshuku karani, akamshuku hata bosi, mpaka siku alipotazama mlango wa ofisi yake: ratiba ya kuchota maji imebandikwa pale, mwandiko wake mwenyewe. Kosa hilo alilisimulia kwa kila mfanyakazi mpya, bila kujificha.

Kiwanda kililazimishwa kuchimba mabwawa ya kusafishia majitaka. Baada ya miaka miwili, dada alileta nyumbani mdudu mmoja ndani ya glasi, akatuonyesha kama mjukuu mchanga. Kisha akamrudisha mtoni.

Alianza kuumwa Januari 2023. Daktari aliandika kuwa ni moyo. Hatubishani naye, ingawa marehemu angemuuliza amepima siku gani. Wiki zake za mwisho alimtuma binti mkubwa akageuze mawe. Binti akarudi: wadudu wamepungua tena. Dada akasema, “Msiwaambie wa kiwandani bado. Chukueni daftari zangu.” Alifariki tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Shada la kiwanda tumelipokea kwa shukrani. Aliyelileta aliuliza mara mbili daftari za marehemu zitakaa kwa nani, na nani atachota maji sasa. Tulimjibu karibu chai.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu wanne, wadogo zake watatu, na daftari kumi na tisa, ambazo haziko nyumbani kwake.

Pumzika kwa amani, dada. Maji tutachota. Siku gani, hatusemi.