Nyatabora na Neema ni Mtu Mmoja

Mwenyekiti wetu, akina mama wenzangu, na ninyi akina baba wawili mliojificha kule nyuma karibu na birika la chai, nawasalimu. Mungu amenifikisha leo nikiwa na sauti yangu na karatasi zangu zote, kwa hiyo nitasema. Sitamtaja mtu kwa jina isipokuwa mimi na mwanangu, maana bila majina yetu hakuna ushuhuda.

Wengi hapa mtaani Satellite mnanijua kama Mama Baraka. Kwamba mimi si Mkenya, wachache ndio wanajua, ingawa mnaonisikia nikisema "naomba chumvi" badala ya "nipatie chumvi" mlishanishtukia zamani. Mimi ni mtu wa Tabora, Tanzania. Wazazi wangu waliniita Neema Charles Maganga. Kule nilikuwa mwalimu wa chekechea, na mume wangu, fundi umeme wa hapa Nairobi, alikuja kufunga umeme wa jua kwenye shule yetu. Kazi ya wiki tatu ikachukua miezi minne, na kosa halikuwa la jua.

Tulifunga ndoa kwa msajili huku mjini, kisha tukaenda kwao Siaya. Mume wangu ni Mjaluo, na kwao mke huitwa kwa mahali alikotoka. Mama mkwe alinitazama juu mpaka chini, akapiga vigelegele, na siku hiyohiyo nikawa Nyatabora, yaani binti wa Tabora. Ndugu zangu, nawaambia, nililipenda jina hilo! Mtu uko mbali na kwenu, halafu kila anayekuita anataja kwenu. Hata kwenye simu ya mume wangu niliandikwa hivyo. Ilifika mahali mtu akiniita Neema nachelewa kuitika.

Sasa niwaeleze sheria kwa ufupi. Mgeni aliyeolewa na Mkenya anaweza kukaa kwa kibali cha mtegemezi. Jina la kibali chenyewe lilinikera, mimi niliyekuwa nikifunga kamba za viatu vya watoto arobaini kila asubuhi. Lakini nilivumilia, kwa sababu ndoa ikitimiza miaka mitatu unaruhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu. Ukiupata, unaishi na wako bila kuhesabu siku kwenye kalenda. Mimi nilihesabu. Nilikuwa na kalenda ukutani nyuma ya mlango, na kila mwezi ukiisha nauchana kwa furaha.

Mwaka wa pili akazaliwa Baraka. Nilijifungua kwa upasuaji, na nilipozinduka sikujua hata ni asubuhi au jioni. Mume wangu ndiye aliyeulizwa maelezo ya mtoto, dada yake akiwa pembeni. Jina la baba, akasema. Jina la mama, akasema. Cheti cha kuzaliwa kilipotoka, kwenye nafasi ya mama kulikuwa na Nyatabora, likifuatwa na jina la ukoo wa mume wangu. Neema hayumo. Maganga hayumo.

Je, nilikiona? Nilikiona. Sitasimama mbele ya kanisa niwadanganye. Nilikisoma nikacheka, nikasema mwanaume huyu ananipenda kupita kiasi, nikakiweka kwenye droo ya vijiko.

Miaka mitatu ikatimia. Nikavaa vizuri, nikambeba Baraka mgongoni, tukaenda na mume wangu mjini, ofisi ya uhamiaji. Afisa wa dirishani alikuwa dada mtaratibu kabisa. Akapitia cheti cha ndoa, pasipoti, barua ya mume wangu. Akafika kwenye cheti cha mtoto. Akarudi kwenye pasipoti. Akaniangalia, akamwangalia mume wangu.

"Nyatabora ni nani?" akauliza.

Mume wangu akajibu haraka, kwa tabasamu, "Ni bibi yangu."

"Na huyu?"

"Ni huyu huyu."

"Sir, karatasi inasema uko na mtoto na Nyatabora, na umeoa Neema. Mimi nafuata karatasi."

Mnacheka? Chekeni tu, hata mimi leo nacheka. Siku hiyo sikucheka. Yule dada alitueleza kwa upole kwamba lazima kwanza tusahihishe cheti cha mtoto, na kwamba wakati tunashughulikia hilo, nihuishe kibali changu kabla hakijaisha. Alirudia mara mbili. Nami nikaitikia mara mbili.

Ndugu zangu, kuanguka kwangu hakukuanzia dirishani pale. Kulianzia nyumbani.

Nilifika nikawa kama moto. Nilimwambia mume wangu amenifuta. Akasema, "Nesi aliniuliza jina ya mama, nikasema ile natumia kila siku. Sikufikiria." Wifi yangu naye akapiga simu, badala ya pole akaniambia, "Kwani shida iko wapi? Hiyo ndio jina yako kwetu. Ama hutaki kuwa wa kwetu?" Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Nikasema kuanzia leo asiniite mtu Nyatabora. Nikamkataza mume wangu, nikamkataza mama mkwe kwa simu, mama wa watu ambaye hakunikosea lolote. Akasema tu, "Sawa, Neema." Alivyolitamka, ni kama alikuwa anaongea na mtu wa benki.

Na kwa hasira ileile, kibali sikuhuisha. Nikasema, waliovuruga ndio watanyoosha. Siku zikapita na kibali kikaisha. Huo ndio upumbavu wangu, na sijaukopa kwa mtu.

Basi nikawa mtu wa kujificha. Nikimwona mlinzi wa duka mwenye sare ya kijani, nageuza njia. Kanisani hapa nilikosa wiki nyingi, mkadhani nimesafiri. Walimu wa shule moja kule Uthiru waliokuwa tayari kunipa darasa mara tu nitakapopata karatasi walipiga simu, sikupokea. Lakini hofu kubwa ilikuwa moja, na ilinikaa kifuani kama tonge la ugali mkavu: kubaki siruhusiwi, na kuondoka na mwanangu siwezi. Nitamvushaje mpaka wa Namanga mtoto ambaye karatasi yake inasema mama yake ni mtu mwingine? Wakinirudisha Tabora, nitarudi peke yangu. Nilikuwa nikimnyonyesha nikiwaza hivyo, machozi yanamdondokea usoni, naye anaramba.

Siku moja Baraka aliamka mwili unachemka. Mume wangu alikuwa kazini Ruiru. Nilijaribu kitambaa cha maji, nikajaribu maombi, homa haikushuka. Nikajifunga kanga, nikaenda naye kituo cha afya, nimeinamisha kichwa njia nzima. Nikatoa kijitabu chake cha kliniki, nikakaa kwenye benchi na akina mama wengine.

Muda si muda nesi akaita kutoka chumbani, "Nyatabora!"

Nikakaa kimya.

"Mama Baraka, Nyatabora, yuko wapi?"

Mama mmoja pembeni yangu akatazama huku na huku. Na mimi, ndugu zangu, nilikaa. Mtoto yuko kifuani anapumua kwa kasi, na mimi nimekaa kwa sababu ya kiburi. Nilikuwa nimeapa sitaitika jina hilo. Nesi akasema, "Hayuko? Mwingine aingie." Mama mwingine akasimama na mtoto wake, akaelekea mlangoni.

Baraka akakohoa. Akafungua macho, akanitazama mimi, si mtu mwingine. Mtoto hajui kusoma. Kwake kuna mama mmoja tu duniani. Nikasimama nikapaza sauti mpaka benchi zima likageuka, "Niko hapa! Mimi ndiye Nyatabora! Huyu ni wangu!"

Nesi akasema, "Sasa mama, si ungeitika tu?" Akanipokea, akampima, akampa dawa, homa ikashuka kabla hatujatoka. Ilikuwa maambukizi ya masikio. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara. Nikamwona yule mlinzi wa duka, nikamwamkia.

Jioni hiyo mume wangu aliporudi nilimwambia, "Kesho tunaanza. Jina halikuwa uongo. Kosa ni kwamba yale majina mawili hayajatambulishana." Akanikumbatia akiwa na mkoba wake wa vifaa begani, bisibisi ikanichoma mbavu.

Kwanza nilirudi kwa yule dada wa dirishani, kwa miguu yangu mwenyewe, nikiwa nimechelewa na nimekosa. Nikampa barua ya kujieleza, nimeandika ukweli wote na hasira zangu zote humo. Akaisoma akasema, "Angalau umekuja." Nikafuata taratibu zote nilizopewa, kibali kikahuishwa.

Kisha tukatafuta wakili wa kutuandikia hati ya kiapo. Tukampata mtaa wa Ngara hapa Nairobi, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, mama wa Kihindi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alituambia tumlete mtu aliyenipa jina hilo, aje aape. Nikajua maana yake. Ilibidi nimpigie mama mkwe.

Nilipiga nikiwa nimepiga magoti, ingawa haoni. Nikasema, "Mama, nisamehe. Ni mimi, Nyatabora." Hakuuliza lolote. Aliuliza tu basi la kwanza linaondoka saa ngapi.

Alikuja na kitambulisho chake kimefungwa kwenye leso tatu. Wakili akamkalisha, akamuuliza kwa heshima, "Mama, unajua huyu?"

"Namjua vizuri. Ni Nyatabora."

"Na Neema Charles Maganga, unajua?"

Mama mkwe akafikiri sana. "Huyo hapana," akasema. "Huyo alikataa jina yangu. Hatujui yeye."

Jamani! Mume wangu alishika kichwa. Mimi nilitaka kuzama kwenye kiti. Wakili akaweka kalamu chini, akavua miwani moja. Mama mkwe akatuangalia sisi wote, kisha akacheka, meno yote nje, akanipiga begani. "Nacheza na yeye. Alinisumbua roho. Andika, mama: mimi ndio nilimpa hiyo jina, siku alikuja kwangu, kwa sababu nilifurahi. Nyatabora na Neema ni mtu moja. Na mtoto ni wake, nilimuosha mimi mwenyewe akiwa mdogo."

Wakili naye akacheka mpaka akafuta macho. "Hata mimi nilipoolewa mama mkwe alinipa jina mpya," akasema. "Lakini bwana yangu hakupeleka hiyo jina hospitali!" Mume wangu alitazama dirisha.

Kutoka hapo haikuwa rahisi, msidhani. Cheti kipya cha Baraka kilichukua miezi. Niliambiwa njoo wiki ijayo mpaka nikawazoea wauza njugu wa barabara ile yote. Palikosekana nakala hii, nikaitafuta. Pakahitajika kumbukumbu za hospitali, nikazifuata. Nilikuwa na mimba ya pili wakati huo, tumbo linatangulia foleni kabla yangu, watu wakinipisha. Lakini sikukosa siku hata moja niliyoitwa, na sikumtuma mtu.

Yule dada wa dirishani alipopitia karatasi zote safari ya mwisho, hakuuliza swali. Na wiki ambazo jibu lilisubiriwa, nilikuja hapa, mkaniombea bila kuniuliza naumwa nini. Jibu lilipotoka, niliusoma mstari mmoja mara nyingi: ukaazi wa kudumu. Nikampigia mama mkwe kabla sijampigia mama yangu. Mama yangu anajua, amenisamehe, kidogo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu, ambaye kosa lake lilikuwa kunipenda kwa jina la nyumbani mahali pa karatasi. Namshukuru wifi yangu. Tulipatana tukiwa tunachambua mboga, hakuna aliyesema samahani na wote tulielewa. Namshukuru mama wa Ngara, na yule afisa aliyefuata karatasi bila kunidharau. Na mama mkwe wangu, jamani, huyo sina maneno. Huyo nampenda.

Somo langu ni dogo. Kuna jina la kupendwa na kuna jina la kuandikwa, na mwanamke anapaswa kuyatunza yote mawili. Ukiona kosa kwenye karatasi yako, usicheke ukaliweka kwenye droo. Na ukikasirika, kasirika ukiwa kwenye foleni.

Miezi mitatu iliyopita nilijifungua binti. Uchungu ulinishika vibaya, nesi akaja na fomu, mume wangu akafungua mdomo. Nikamwambia, "Wewe nyamaza." Nikamwambia nesi, "Andika. Neema. N, E..." uchungu ukaja, nikashika kitanda, nikapiga kelele, ukapita. "Umefika E? Haya, E nyingine. M, A." Tuliandika hivyo mpaka Maganga, herufi kwa herufi, uchungu kwa uchungu. Na nilipomaliza A ya mwisho, mtoto akaja.

Kama hapa kuna mmoja aliyeolewa kutoka nje, na ana karatasi anaogopa kuitazama, asinyanyue mkono. Anifuate tu nje baadaye, kimyakimya. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa mlangoni kwake. Atoke na karatasi zote, hata zile za aibu, na asivae viatu vya kuchuchumia, maana tutasimama sana.