Kitufe Chekundu cha Bi Darubini

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bi Darubini anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili katika kituo chetu cha umeme wa upepo. Jina hilo alipewa na walinzi wa getini, na sasa hata barua za ofisi nusura ziandikwe hivyo.

Alianza kwa kutembea chini ya minara akiokota ndege na popo waliopigwa na mapanga ya mitambo yanayozungushwa na upepo. Kila mmoja alimwandika daftarini: aina, mnara, saa. Madaftari hayo ndiyo yaliyowashawishi wakubwa kuleta vinasa sauti vya popo, kisha kamera zinazotambua ndege na kusimamisha mitambo zenyewe. Yeye akapewa kiti karibu na dirisha, na kitufe chekundu cha kusimamisha mitambo yote kwa mkono.

Tusimpambe kupita kiasi. Aliwahi kusimamisha minara kumi na minane kwa sababu ya mfuko wa plastiki uliopeperuka. Tulimcheka mwezi mzima, naye akacheka nasi. Meneja hakucheka. Alimwonya kwamba akikosea tena, kitufe kitaondolewa na kamera ziachiwe kazi. Mimi, fundi wa kamera, niliipokea hoja hiyo kwa mikono miwili.

Wiki mbili baadaye, saa tatu asubuhi, skrini zote zilionyesha anga tupu. Bi Darubini alisimama dirishani. Alikuwa ameona kitu upande wa jua, au alidhani ameona. Nilimwambia kamera hazioni chochote. Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe. Alijua akikosea, ndiyo basi tena. Akabonyeza.

Mapanga hayasimami papo hapo. Tulihesabu sekunde roho mkononi. Mapanga ya mnara wa saba yalikuwa bado yanazunguka wakati ndege wa kwanza, korongo, walipochomoza kwenye mwanga. Walipita katikati ya minara, zaidi ya mia moja, wengine wakikaribia kugusa chuma. Hakuna aliyeanguka. Mimi niligeukia skrini kutafuta kosa.

Kosa lilikuwa langu. Asubuhi ile niliiagiza kamera ya nne ipuuze kipande kile cha anga, kwa kuwa mng'ao wa jua ulikuwa ukiisumbua. Ilikuwa iwe kwa muda mfupi tu, lakini nilikwenda kunywa chai nikasahau kukifungua. Nilimweleza Bi Darubini, nikangoja anishtaki. Akanisogezea fomu ya taarifa na kalamu.

"Andika mwenyewe, mdogo wangu," alisema. "Ukiandikiwa utasahau tena."

Niliandika. Mkutano aliokuwa ameupanga meneja wa kujadili kukiondoa kitufe uliahirishwa, na mpaka leo haujaitishwa.

Kuanzia Jumatatu kiti kile ni changu, na sifichi kwamba naogopa. Bi Darubini, dada yetu, tunakushukuru sote. Kapumzike salama, uwatazame ndege bila kuhesabu sekunde. Huku nyuma, kila asubuhi, nitaanza na kamera ya nne. Chai itasubiri.