Teofili na Kiwanja Kisichoisha Kusomwa

Bwana Teofili Lukelo, mchoraji wa ramani za majengo wa ofisi yetu hapa Ifakara, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu wa sita, baada ya miaka thelathini na miwili. Ningesema kachora miaka yote hiyo, lakini nitakuwa mwongo, maana nusu yake alikuwa amekaa kwenye kigoda. Mimi Luciana, mpika chai wenu, nimeambiwa niseme, naye Nelly karani wetu aandike, kwa kuwa nimemuona Teofili tangu ana nywele.

Mtu akileta kiwanja, wachoraji wengine wanakimbilia meza. Teofili anakimbilia kigoda. Atakaa pale asubuhi, atarudi jioni, atarudi tena masika, anaangalia jua linachomea wapi, upepo wa mlimani unapiga wapi, kina mama wanapita wapi na ndoo. Ukimuuliza, anasema anasoma kiwanja. Mimi shule sikwenda, nikawa najiuliza, hivi na majani nayo yana herufi.

Halafu chupa. Udongo wa kila kiwanja anautia kwenye chupa na maji, anatikisa, anaacha utuame aone mchanga kiasi gani, mfinyanzi kiasi gani. Chupa zenyewe zangu, za asali, na hajarudisha hata moja. Mgeni mmoja wa Morogoro aliiona moja dirishani akajua ni togwa, akapiga funda. Teofili hakumpa hata pole, alimuuliza kama mchanga umemkwaruza meno.

Ila tuseme haki. Kule Mofu walitaka zahanati. Ilikuwa kiangazi, mahali pakavu, tambarare, kamati imeshafyeka, inataka ramani wiki hiyo hiyo. Teofili na kigoda chake. Mjane mmoja akadhani kaja kuposa, akawa anamletea wali na perege, na yeye anakula tu huku anauliza maji yanafika wapi. Habari hii mkewe Febronia anaijua, msininong'oneze. Mwishowe akaona mgono wa kuvulia samaki, mkuukuu, umenasa kichakani usawa wa kifua. Kamati ikasema watoto wameutupa. Yeye akasema huo haukutupwa, umeelea. Jengo likasogezwa kwenye mwinuko, kule kwenye vichuguu, na watu wakamsema sana. Masika ilipoingia, pale walipotaka wodi ya wazazi watu walikuwa wanavua. Wangezaliwa kambale.

Sasa njooni kwenye kiwanja chake mwenyewe, Katindiuka. Alikinunua wakati Edna, binti yake wa mwisho, yuko mgongoni mwa mama yake. Edna sasa ana wa kwake mgongoni, na pale hakuna hata tofali, kuna alama ya kigoda. Na nyumba ya ofisi wanayokaa wanatakiwa waiache mwisho wa mwezi wa saba. Febronia alikuja jikoni kwangu, na siku hiyo hakucheka. Alisema hata kanisani masomo yanazunguka miaka mitatu yanaanza upya, huyu bado yuko ukurasa wa kwanza, basi yeye anafunga mizigo anarudi kwa kaka zake Mahenge.

Nikampelekea Teofili chai bila sukari, makusudi. Nikamwambia, baba, Mofu uliwauliza wanawake wanapikia wapi. Kile kijiji cha Mbingu nako uliwauliza. Katindiuka umemuuliza nani? Akaangalia kikombe, akasema ameangalia upepo, mvua, na majirani. Nikamwambia upepo haupiki.

Jumapili baada ya misa wakaenda wote wawili. Kigodani akakaa Febronia, Teofili akasimama. Febronia akaonyesha kwa mkono: jiko hapa, nimuone anayeingia; chumba kule, jua la jioni lisinichome. Jumatatu Teofili alichora mpaka chai ikapoa, na ile nilikuwa nimeitia sukari.

Jumamosi tunaenda kuchimba msingi, wote, kila mtu na jembe lake. Mwezi wa saba ukiisha vitakuwa vyumba viwili tu na jiko, lakini Febronia kasema Mahenge haendi tena.

Asante, Teofili, kwa majengo yasiyoogopa masika. Tunakutakia uzee mkavu, na mvua ikupigie bati ukiwa umelala kwako. Kitabu umeshakisoma, baba, kifunge. Kigoda mwachie Febronia. Na chupa zangu uzirudishe.