Maneno ya Makanda ya Papa ni Yangu

Jaalle, ndugu yetu Mkuu wa Wilaya, masheikh wetu, Jaalle Mkuu wa Shule na walimu wako, wazee wa Kismayu, na nyinyi wachu wangu, watu wa visiwani, mliovuka kutoka Chovae na Kudha mkakalishwa nyuma kabisa karibu na mlango: assalamu alaikum.

Mimi ni Mwanalima binti Gharibu, bibi yake Ummi, huyu anayepanda ndege kesho kwenda Italia kusomea fizikia. Nimeitwa nimpe radhi mbele yenu, kwa kuwa wazazi wake wametangulia mbele ya haki na mimi ndiye niliyemlea. Radhi nitaitoa nikitaka. Kwanza nina neno na Mwalimu Abdulkadiri, aliyetoka kuzungumza hapa sasa hivi, mkampigia makofi mpaka nikaliogopea paa.

Mwalimu ni msomi, hilo sikatai. Amesoma Mogadishu, suruali yake imepigwa pasi, na sauti yake ni ya redio. Mimi herufi nilizijua uzeeni, ilipokuja ile kampeni ya kusoma, nikakaa darasa moja na wajukuu. Lakini je, asiyesoma hana kichwa?

Sikizeni. Siku moja Ummi aliingia jikoni na sumaku ya redio mbovu, akainyanyua sindano yangu ya kushonea. "Bibi, dunia nzima yaivuta sindano hii chini, na kijisumaku hiki chaishinda. Kwa nini dunia ni dhaifu hivi?" Nikamwambia aniachie sindano yangu. Wapi! Akasema ni kwa sababu chembe zilizojenga vitu ni nyepesi kupita kiasi. Na kuna chembe moja wataalamu wanaitafuta, inayozipa nyengine uzito, ambayo kwa hesabu yao ingepasa iwe nzito ajabu. Ila hesabu mbili kubwa kama milima zinakatana, moja ikiila nyengine, na kinachobaki ni kiasi cha punje. Zimekatanaje sawasawa hivyo? Hakuna ajuaye.

Nikacheka. Miaka thelathini nimepima papa mkavu kwa mizani ya kuning'iniza. Nikamwambia: "Mjukuu wangu, ukiona makanda mawili ya ukili yaliyojaa papa, kila moja la kumshinda mchukuzi, yamelingana mpaka yakapitana kwa punje moja ya mchele, usiseme bahati. Hapo pana mkono wa mchu. Utafute huo mkono." Akaandika kwenye daftari. Tangu siku hiyo ndio huo mkono anaoutafuta, na ndio alioutaja kwenye barua yake ya kuomba nafasi Italia.

Leo Mwalimu asimama hapa na kusema, "Kama nilivyomfafanulia Ummi, ni mfano wa vikapu viwili vya samaki." Ulivyomfafanulia wewe? Na samaki gani? Samaki mbichi, kasema, nanyi mmemsikia! Mwanangu, samaki mbichi huvuja maji, mizani yake haitulii hata kwa muda wa bismillahi. Ndiyo maana nikasema papa mkavu. Mwizi wa nguo hujulikana kwa kuivaa kinyume.

Mbona wasimama, Mwalimu? Sema kwa sauti, wa nyuma hawasikii.

"Ni kweli, Bi Mwanalima. Maneno ni yako. Ummi aliniambia, nami nikasahau ameyatoa kwa nani."

Alisahau! Haya, kakiri, nanyi mmeshuhudia. Basi mbona moyo wangu bado haujapoa? Nitasema kweli, maana sina umri wa kuficha. Namwonea wivu. Mtoto huyu alikuwa akiuliza jikoni kwanza. Siku hizi huuliza shuleni, mimi naletewa makombo. Kesho atawauliza Wataliano, na mimi nitaulizwa nini? Chumvi iko wapi?

Ummi, simama, na usilie mbele ya wakubwa. Nilikusudia nikupe nusu ya radhi, nusu nibaki nayo ili urudi. Sheikh kaniambia radhi haikatwi vipande. Basi chukua yote, mjukuu wangu, na Mungu akufungulie kila mlango. Ukikwama huko, niandikie mimi kabla hujamwandikia Mwalimu, tena kwa herufi kubwa, macho yangu wayajua. Nitakujibu kwa mkono wangu mwenyewe, hata ikinichukua mwezi.

Asanteni nyote kwa kunivumilia. Na wewe Mwalimu, asante kwa kusimama.