Sumaku Yake Haikutoka Kwenye Madonge

“Nani ameshika kipande changu kwa kibano cha chuma? Mnataka nipime kazi yangu au kutu yenu?” Hivyo ndivyo dada yetu alivyowasalimia wenzake maabara asubuhi, na waliofanya kazi naye wanajua hapa hakuna chumvi iliyoongezwa.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966, mtoto wa pili wa fundi cherehani, katika vyumba viwili nyuma ya duka. Baba aliokota pini sakafuni kwa sumaku. Wengine tuliichezea tukachoka. Yeye akataka kujua kwa nini pini zinanasa na vifungo havinasi. “Mama, niache nishone,” baba alimwambia. Hakumwacha.

Alimaliza sekondari mwaka 1985, akasoma fizikia chuo kikuu mpaka vyeti vikaisha. Sisi tulioishia darasa la saba alitueleza kazi yake hivi: semikondakta, kile kitu kilichomo ndani ya simu, si sumaku. Ukiitia manganizi, aina ya metali, kidogo kisha ukaipoza sana, inageuka sumaku. Sasa sumaku hiyo inatoka wapi? Mwenzake wa chumba cha pili alishikilia kuwa manganizi imejikusanya madonge madonge humo ndani, basi. Tukamwita Bwana Madonge. Dada alikataa: atomu za manganizi zimetawanyika, hazifikiani, ila chembe za umeme zinazopita katikati ndizo zinazozipatanisha, zote zikaelekea upande mmoja. Walinuniana miaka. Kama Bwana Madonge angekuwa sahihi, kazi yote ya dada ingetupwa.

Mwaka 1997 aliolewa na fundi wa mitambo ya baridi. Siku ya kwanza kuja maabara, fundi huyo aligombezwa kabla hajashusha mkoba. Kesho yake akarudi bila kuitwa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Mwezi uliopita Bwana Madonge aliingia wodini alikolazwa dada.

“Dada, nimepima mwenyewe. Nimezipunguza zile chembe, sumaku ikanywea. Nimezirudisha, ikarudi. Madonge yasingejali.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo ulisema kweli. Nitatangaza mbele za watu.”

“Anza sasa hivi, nesi yupo.”

Akamtangazia nesi. Dada akacheka mpaka mashine ikapiga kelele.

Alifariki usingizini tarehe 3 Mei 2024, mumewe amemshika mkono. Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na ndugu watatu.

Pumzika, dada. Hakuna unayemdai.