Gabrieli Okwakol na Damu Isiyokuwa ya Shemeji

Mzee Gabrieli Okwakol alizaliwa Chakol tarehe 9 Mei 1964, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Emorut na Mama Amuge. Alisoma hapa hapa Chakol na kumaliza kidato cha nne mwaka 1983. Hesabu aliiweza. Kiingereza, alikuwa akisema mwenyewe, walisalimiana tu.

Mwaka 1988 alianza kuziba pancha za malori pale Malaba. Kazi hiyo ilitulisha na kutusomesha, na hakuiacha hadi alipougua.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na Mama yetu, Akiror. Wakwe aliwaheshimu kupita kiasi. Siku moja walimpa kuku ambaye hajaiva, akamla akamaliza, akashukuru. Tumbo lilimsumbua siku mbili. Mama alipomuuliza, alijibu, "Cha wakwe hakina kasoro."

Mama ni muuguzi mstaafu. Kazi yake wodini ilikuwa kuwafuatilia wagonjwa wanaoongezwa damu, awaulize kama wanahisi baridi, kifua kubana au mgongo kuuma, maana damu iliyo nzuri kwa mmoja yaweza kumdhuru mwingine.

Februari mwaka huu Baba alivuja damu kwa vidonda vya tumbo, akalazwa. Hospitali iliomba jamaa wachangie damu ya kurudishia benki yake ya damu, na Ikapel, mdogo wake Mama, akawa wa kwanza. Baba akaamini anayowekewa ni ile ya Ikapel. Mama alikaa kando ya kitanda.

"Mgongo unauma?"

"Niko sawa, mama Brendah."

Akamuuliza tena, akajibiwa vile vile. Mkojo ulipotoka mwekundu ndipo Baba alikubali kwamba mgongo ulikuwa ukimuuma muda wote.

"Sasa ningemwambiaje shemeji damu yake ni mbaya?"

Muuguzi wa zamu alifunga ile damu papo hapo, lakini maji yalikuwa yamemwagika. Figo zilikataa kazi, na Baba akafariki Alhamisi tarehe 19 Februari 2026. Mama hajalia. Anapanga viti, anauliza nani hajakunywa chai.

Watu wanasema damu ya Ikapel ndiyo ilimuua. Mama ameomba isomwe mbele ya wote: hospitali iliufuatilia ule mfuko wa damu aliyowekewa Baba, na ulitoka kwa mtu mwingine kabisa. Hata huyo hana kosa. Ni mwili wa Baba ulioikataa. Damu ya Ikapel haijatoka benki. Itamfaa mgonjwa mwingine.

Baba ameacha mjane, Akiror, watoto Victor, Asekenye na mimi Brendah ninayewasomea haya, wajukuu wanne, na shemeji yake Ikapel, ambaye tangu juzi anasimama nje ya ua na hajaonja hata chai ya msiba. Mungu amlaze Baba mahali pema, apate kupumzika.

Mjomba Ikapel, Mama anasema uingie. Jeneza halitainuliwa mpaka ushike upande wa kichwa.